Aliyelibakiza Gari la Wagonjwa Mwambao

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi wetu wa dizeli, Bi Theopista Kashinje, anastaafu tarehe 30 Juni. Karakana yetu ya Mpanda itapata utulivu ambao haijawahi kuuomba, maana mama huyu akishika spana lazima mtaa mzima wa Majengo usikie.

Alianza kwa kuosha vipuri, akapanda hadi kuwa mkuu wa karakana. Unyenyekevu hakujaliwa. Ukimletea gari lenye tope atakurudisha ukalioshe, cheo chako kiwe chochote.

Lakini sifa yake kubwa ni gari la wagonjwa la mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kipupwe cha mwaka juzi lilikuwa likigoma kuwaka alfajiri, na likiwaka linazimika njiani. Jua likipanda, linakimbia kama kawaida. Tulibadilisha pampu, tukasafisha nozo za kunyunyizia dizeli, lakini wapi. Uongozi ukaamua kuliondoa moja kwa moja, na wajawazito wa kule wangebaki na pikipiki kwenye barabara ile ya mawe. Sisi wengine tulikubali. Theopista alikataa.

Alikwenda mwenyewe, akafungua filta alfajiri kabla jua halijatoka. Ndani akakuta utando mzito wa rangi ya chungwa. Akaunusa, akacheka: mawese! Kule hakuna kituo cha mafuta, hivyo dizeli huwekwa kwenye madumu, na dereva Cleophas alikuwa ameazima madumu ya mkewe, muuza mawese. Aliyapangusa kwa kitambaa akaona yametakata. Kumbe mabaki yaliganda kwa baridi na kuziba filta, kisha jua likiyayeyusha gari linapona lenyewe.

"Mawese ni ya maharage, Cleophas," alimwambia. "Gari hili halili."

Akashusha tangi, akaliosha, akapuliza mabomba, akafunga filta mpya na kutoa hewa iliyonaswa kwenye mabomba. Alfajiri iliyofuata gari liliwaka mara moja. Wiki hiyohiyo lilimfikisha Mpanda Bi Zuleha, ambaye uchungu ulikuwa umemkwama, na akajifungua mapacha salama. Uongozi ukafuta uamuzi wake, nasi tulishangilia kama ni sisi tuliolitengeneza.

Bi Theopista, asante sana. Shamba lako la alizeti kule Kasokola listawi, na ustaafu wako uwe wa afya na furaha tele. Asubuhi hii Cleophas amepiga simu: baridi ni kali, gari limewaka, na yuko njiani na mama mjamzito.