Shubiri Moja Ndani, Shubiri Moja Nje

Baada ya miaka thelathini na sita ya kukataa kusaini kazi mbovu, Bi. Tusajigwe Mwasomola, mkaguzi wa umeme wa karakana yetu hapa Kyela, anastaafu tarehe 14 Machi 2025. Wapo watakaoshusha pumzi. Tunawajua, na wengine tumewaalika kwenye sherehe hii. Karibuni mle wali.

Alianza kazi mwaka 1989 akiwa fundi wa nyaya, mwanamke pekee kati ya wanaume tisa. Mwaka 1997, kwenye nyumba ya pampu kule Njisi, fundi mwenzake Eliya alishika bomba la chuma linalopitisha nyaya, akapigwa na umeme. Alipona, lakini mkono wake wa kulia haukushika koleo tena. Bi. Tusajigwe alilichimbua bomba lile mwenyewe. Ndani ya zege lilikuwa zima. Pale lilipotoka kwenye zege na kuingia kwenye udongo wetu huu unaoshika maji, kutu ilikuwa imelitafuna mpaka nyaya zinaonekana. Tangu siku hiyo akawa na sheria moja: bomba la udongoni lipakwe lami lote, na linapoingia kwenye zege lizungushiwe tepu, shubiri moja ndani, shubiri moja nje. Alipima kwa mkono wake, na mkono wake ni mkubwa.

Walimjaribu, jamani. Mwaka 2014, kwenye wodi ya wazazi upande wa Ipinda, mkandarasi mmoja alikosa lami, akachanganya masizi na mafuta ya mawese, akayapaka mabomba yakapendeza. Bi. Tusajigwe alipitisha leso yake juu ya bomba, akainusa, akasema yeye hajaagiza maharage ya kuungwa kwa mawese. Hakusaini. Kesho yake zege likamwagwa hivyo hivyo, maana wageni wa ufunguzi walikwishaalikwa.

Akaamriwa asaini. Akakataa. Akaandikiwa barua ya onyo, akaisoma mpaka mwisho, akauliza kama walioiandika ndio watakaolala kwenye vitanda vile vya chuma na watoto wachanga. Mwishowe ufunguzi ulisogezwa siku kumi na moja, sakafu ikavunjwa sehemu sita, lami ya kweli ikapakwa na tepu ikazungushwa yeye akiwa amesimama pale pale na mabuti yake ya mvua.

Mwaka jana mafuriko yaliizingira wodi ile siku nne. Maji yalipopungua tulichimbua bomba moja, tukabandua tepu na kukwangua lami. Chuma kilikuwa kinang'aa. Hakuna mama wala mtoto aliyeguswa na umeme. Mimi ninayeandika, Lugano wa stoo, nililia, na sioni aibu kusema.

Barua ya onyo bado imo kwenye faili lake. Mwezi uliopita alidokezwa kwamba inaweza kuchomolewa kimya kimya ili aage vizuri. Amekataa. Anataka iandikwe barua nyingine, yenye saini, inayosema alikuwa sahihi. Bila hiyo, anastaafu na onyo lake, kichwa juu.

Jumatatu Asajile, aliyefundishwa kazi na yeye, anakwenda kukagua msingi mpya. Ameshanunua leso. Mkono wake ni mdogo, kwa hiyo atapima shubiri mbili.

Mama, ndaga fijo, asante sana. Nenda kwenye kokoa zako ukapumzike, ule vizuri, uishi miaka mingi yenye afya. Huku nyuma usiwe na wasiwasi: kazi mbovu hasaini mtu.