Aliyetupatia Majani Mekundu Bila Barafu

Leo, Jumamosi tarehe 30 Novemba 1957, Bwana Pantaleo Maganga anakabidhi mkasi na filimbi baada ya kuitumikia bustani ya mgodi wetu wa Geita kwa miaka ishirini na moja.

Bwana Pantaleo alizaliwa Ushirombo, akajifunza kazi ya bustani misheni, kwa mapadri waliopenda kabichi kuliko maua. Alifika hapa mwaka 1936 akiwa kibarua wa kufyeka, na mwaka 1944 akawa mnyapara. Sifa ya upole hatumpi, maana angeikataa. Aliwafokea mbuzi na makarani kwa sauti ile ile. Kila asubuhi, akipita penye mawaridi yaliyosinyaa ya Ofisi Kuu, alikuwa akiuliza wagonjwa wameamkaje.

Mwaka 1949 alikuja meneja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Majani. Alitoka katika nchi ambako, kabla ya baridi, majani ya miti hugeuka mekundu na manjano, kisha hupukutika. Alikuwa akiyakumbuka, na kukumbuka si kosa. Kosa lilikuwa kutaka Geita nayo iyakumbuke.

Ikaundwa Kamati ya Bustani. Wajumbe wake, Wazungu kwa Waafrika, hawakuwa wamewahi kuotesha hata kunde. Miche iliagizwa ng'ambo, ikaja kwa meli, kwa treni hadi Mwanza, na kwa lori hadi hapa. Kundi la kwanza lilifika likiwa kuni. La pili liliota, likawa kijani mwezi wa Oktoba, kijani Krismasi, kijani Pasaka. Kamati ilikaa kikao, ikagundua kwamba miti hiyo ilikosa baridi. Kuanzia Julai 1950, kila asubuhi barafu ya klabu ya Wazungu ilisukumwa kwa toroli na kufukiwa kwenye mizizi, huku akina mama wa kambini wakipanga ndoo kwenye bomba lililokauka. Zipora, muuza maandazi, alimwuliza karani wa kamati, "Bwana karani, na sisi tukisimama hapo kwenye shimo tukanyamaza kama mti, mtatumwagia kidogo?" Karani alikuwa ameshika mwavuli wa kuukinga mche usipigwe na jua.

Oktoba ilipofika, miti ilikuwa imeoza mizizi. Bwana Majani alikasirika, lakini hakuikasirikia kamati yake. Alitangaza kwamba wakurugenzi wangekuja Oktoba ya mwaka uliofuata. Wasipokuta rangi, bustani ingesawazishwa iwe mahali pa kuegesha magari, na watunza bustani wote wangeteremshwa shimoni.

Kwa wengine habari hiyo ilikuwa mbaya. Kwa Januari Mageni ilikuwa hukumu. Januari alikuwa ametolewa shimoni kwa sababu ya vumbi lililomjaa kifuani, na daktari alimpeleka bustanini ili apate kupumua. Mkewe, Klara, alikwenda nyumbani kwa Bwana Pantaleo. "Shikamoo baba," alisema. "Wakimrudisha chini, mimi nimeshafiwa." Bwana Pantaleo, ambaye mpaka siku hiyo aliicheka ile barafu kuliko mtu yeyote, aliacha kucheka.

Nyuma ya bustani kuna mteremko uliokatwa miyombo zamani kwa ajili ya nguzo za mgodini. Visiki havikufa. Kila mwaka vilichipua, na kila mwaka kamati iliamuru machipukizi yafyekwe ili mahali pawe safi. Kila mtu wa huku anajua kwamba myombo huvaa majani mapya kabla ya mvua, nayo huanza yakiwa mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya divai. Tumeyaona tangu utotoni. Hakuna aliyeyahesabu kuwa rangi, maana lilikuwa pori tu, na pori haliletwi kwa meli.

Mke wa Bwana Pantaleo, Mama Justa, ni Msukuma wa Didia. Alipomwona mumewe hali wala halali, alimwambia, "Unahangaika kupanda nini, Baba Justa? Funga ngitili." Kwao ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kikute majani yamejiotea. Bwana Pantaleo alimjibu kwamba ngitili ni ya ng'ombe. "Na hao Wazungu wako," akasema Mama Justa, "si majani wanayoyalilia?"

Basi akaufunga mteremko. Wafyekaji walipewa kazi upande mwingine, na wachunga mbuzi wakaambiwa ni ngitili. Hao hawakuhitaji maelezo zaidi. Aliyekuja juu ni Mabula, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji cha jirani, akiwa na watu wake na mashoka.

"Pantaleo, unatufugia mbung'o."

"Mbung'o anapenda kivuli cha chini, mwanangwa. Vichaka kateni, kuni ni zenu. Machipukizi yangu atakayeyagusa nitamfyeka yeye."

Wakakata vichaka, wakaondoka na kuni, na mteremko ukabaki safi bila kamati kutoa hata panga.

Oktoba 1951 wakurugenzi walikuta mteremko mzima mwekundu. Bwana Majani aliwasimamisha barazani, akawaeleza kwamba rangi ile imeletwa na barafu. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Mwenyekiti wa kamati alizawadiwa saa ya ukutani. Bwana Pantaleo alisimama nyuma yao, kofia mkononi, na watu wake wakamkonyeza aseme. Lakini alijua kwamba bwana yule akiambiwa lile ni pori, angeamuru lifyekwe jioni ile ile, na Januari angeshuka shimoni Jumatatu. Akawaachia barafu yao. Ilifukiwa kila mwaka mpaka Bwana Majani alipohamishwa mwaka 1954, na mnyapara wetu alihakikisha inafukiwa karibu na mchicha wake. Meneja wa sasa anapenda gofu, hana habari na miti, kwa hiyo miyombo iko salama.

Januari hajashuka tena. Anakohoa bado, lakini anakohoa juu ya ardhi, na kuanzia Jumatatu yeye ndiye mnyapara. Ameanza kujifunza kufoka, ingawa pumzi humwishia katikati ya tusi.

Asante, Bwana Pantaleo. Asante, Mama Justa, ambaye hakuna aliyefikiria kumpa saa. Rudini Ushirombo salama. Tunawaombea uzee wenye shibe, na majirani wanaoutazama mti kabla ya kuusemea. Leo Januari ndiye atakayeongoza sala ya chakula, kwa urefu wowote ambao kifua chake kitamruhusu. Tumemwambia asiharakishe.