Leokadia Wanta na Dahlia Zilizongoja Zosia Apite

Leokadia Wanta alizaliwa tarehe 9 Desemba 1938, kwenye shamba la viazi maili tatu mashariki ya mji wa Stevens Point, Wisconsin, mtoto wa nne wa marehemu Klemens na Marta Kulas. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Leokadia, na baba yake, ambaye hakupenda kuumiza kichwa kutafuta majina, alifungua kalenda ya parokia akamaliza kazi.

Alisoma kwa masista wa parokia hadi darasa la nane, kisha sekondari mjini, akahitimu mwaka 1956. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kunyamaza, na masista waliyaandika yote mawili kwenye ripoti yake. Kuanzia 1965 hadi alipostaafu Juni 1996 alipika katika jiko la shule ya msingi. Wengi mliokaa kwenye mabenchi haya mmekula supu yake ya shayiri, na baadhi yenu mmepigwa mwiko mkononi mkiiba mkate. Alifurahi kuwaona mmekuwa watu wazima.

Tarehe 10 Juni 1961 alifunga ndoa na Florian Wanta, mkulima wa viazi, akahamia nyumbani kwa mama mkwe wake, Anastazia. Bibi Anastazia alikuwa na maua ya dahlia, mekundu ya kuiva, safu nzima kandokando ya uzio. Kila vuli aliing'oa mizizi yake, akaifukia kwenye mchanga katika chumba cha chini ya nyumba, na kila Aprili akaiotesha ndani ya makopo ya kahawa. Sheria yake ilikuwa moja: hailali nje hata moja mpaka Zosia wa Baridi apite. Huyo ni Mtakatifu Sofia wa tarehe 15 Mei, ambaye wazee wetu wa Kipolandi humtwika lawama zote za jalidi ya mwisho, ule umande wa kuganda unaounguza mimea. Florian aliyaita yale maua viazi vya kutazama, na hakuyagusa.

Mwanzoni mwa Mei 1963 joto lilikuja ghafla hata watu wakavua masweta. Bibi Anastazia alikuwa amekwenda Milwaukee kumtazama dada yake. Leokadia, bado mgeni kwenye nyumba ile na anayetaka kuonekana hodari, alizipanda nje dahlia zote thelathini na nane. Usiku wa kuamkia tarehe 13 jalidi ikaanguka, na asubuhi alizikuta nyeusi, zimelala kama mchicha uliochemka. Mama mkwe aliporudi alimkuta langoni, macho yamevimba.

"Mama, nimeziua zote."

Bibi Anastazia aliinama, akafukua udongo kwa kidole. "Umeua majani. Mizizi mizima. Lete kisu tukate, na uache kulia, unaniwekea chumvi bustanini."

Nyingi zilichipua upya, zikachanua Septemba, zimechelewa, kwa wiki mbili tu. Bibi Anastazia hakumwambia mtu, hata mwanawe. Ni Leokadia mwenyewe aliyeisimulia aibu ile kila mwaka, kwa kila aliyesimama karibu, akisema siku hiyo ndiyo aliyopata mama wa pili. Mama huyo alipofariki mwaka 1979, dahlia zilibaki mikononi mwake.

Februari mwaka huu wa 2015 alikutwa na saratani ya kongosho. Daktari alisema huenda ataumaliza mwezi wa Mei, huenda asiumalize. Leokadia aliuliza swali moja: nani atashuka kuotesha dahlia. Walishuka wanawe, Rita na Gerald, huku yeye akitoa amri kitandani. Mei ikaingia na joto, na Rita akashindwa kuvumilia.

"Mama, tuzipande leo. Uzione zikiwa ardhini."

"Wewe Rita, ile ya mwaka sitini na tatu nilikusimulia bure?"

"Mwaka huu ni tofauti."

"Ni tofauti kwangu. Zosia hana habari na mimi."

Gerald ndiye aliyepata njia. Kwa kuwa dahlia lazima zizoeshwe jua na upepo kidogo kidogo kabla ya kupandwa, kuanzia tarehe 4 waliyabeba makopo yote hamsini na mawili hadi barazani, wakaweka kiti cha mama yao katikati, na saa kumi na moja jioni wakayarudisha chini. Siku ya kwanza yalikaa nje kwa muda wa saa moja tu, kivulini, kisha zaidi. Leokadia alikaa ndani ya mablanketi mawili na kofia ya mumewe. "Hiyo igeuze. Ile iondoe juani, bado changa." Alasiri moja akauliza, "Semeni kweli, mnamzoesha nani baridi, hizi au mimi?" Gerald alicheka mpaka akakaa ngazini. Rita aliingia ndani kulia. Siku ya tatu Florian, mwenye miaka sabini na tisa na magoti yasiyomtii, alianza kubeba makopo mawili mawili. Hakuna aliyemwomba.

Jumanne tarehe 12 Mei, karibu saa kumi jioni, Leokadia aliuliza ni saa ngapi. Florian akamwambia bado saa nzima kabla ya kurudisha makopo. Akasema, "Basi tukae." Alifariki hapo hapo, mkono wake mkononi mwa mumewe. Saa kumi na moja ilipofika, padre akiwa njiani, watoto walifuta machozi wakabeba makopo yote hamsini na mawili wakayarudisha ndani.

Jana Ijumaa, tarehe 15, kulipambazuka nyasi nyeupe kwa jalidi. Chini ya nyumba hakuna hata jani lililoungua.

Ameacha mume wake Florian, binti yake Rita, mwanawe Gerald na mkewe Joanne, wajukuu wanne na dada yake Eugenia. Familia inawashukuru wauguzi waliokuja nyumbani, na kila aliyeleta chakula. Zaidi ya yote tunamshukuru Mungu kwa zile siku tisa barazani, ambazo tusingezipata kama angetukubalia kuzipanda mapema.

Baada ya chakula ukumbini, Florian anawaomba wenye magoti mazima waende naye nyumbani. Mashimo amekwisha kuyachimba mwenyewe.

Pumzika, Mama. Zosia amepita. Leo tunazitoa.