Chande, S.

Kivuko cha Msangamkuu kilikuwa kimeshaondoka kuelekea mjini, na Mwanaidi, muuza pweza, akawa anawasikiliza wawili waliokaa mbele yake. Fauzia, mwanafunzi wa chuo, alikuwa amepakata kompyuta. "Kaka, nimesakinisha mtindo wa marejeo wa chuo, programu inasema umeingia, lakini kwenye tasnifu siuoni. Na leo nawasilisha."

Nassoro, jirani yake, akachungulia. "Uliusakinisha tasnifu ikiwa wazi. Ifunge, uifungue upya."

Akafanya hivyo, na marejeo yote yakajipanga. Fauzia akacheka, kisha uso ukabadilika. Bibi Somoe binti Chande, aliyemsimulia habari za chaza, alikuwa ameandikwa "Chande, S."

"Chande ni baba yake. Hajaokota chaza hata mmoja."

"Mtindo ndivyo unavyotaka, dada. Usiuguse."

"Nitaugusa."

"Msimamizi atakurudishia kazi."

"Na bibi akiniuliza jina lake liko wapi?"

Mwanaidi hakujua mtindo ni mdudu gani, lakini baba yake mwenyewe alimtelekeza akiwa bado tumboni, na moyo wake ukawa upande wa Fauzia.

Kivuko kikagusa gati. Wakashuka wakibishana na kucheka, kompyuta ikiwa bado wazi mikononi mwa Fauzia.