Mama Kavira na Nusu Saa ya Giza

Tarehe 2 Mei mwaka huu, saa nane mchana, institut yetu ilipoteza giza lake. Asubuhi ya siku hiyo mafundi walishuka kwenye ukumbi wa chini, wakang'oa swichi iliyokuwa kando ya mlango, wakaweka taa zinazojiwasha zenyewe mtu akiingia. Na sasa, tarehe 30 Juni, tunampoteza pia mwenye giza hilo: Docteur Émerance Kavira, chef de travaux na mwalimu wetu wa fisiolojia, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Kwamba siku yake ya kuondoka imeangukia siku ya uhuru wa taifa, yeye anasema si kosa lake, ila alicheka sana alipoiona kwenye barua.

Asiyetufahamu atauliza ni hasara gani hiyo, kupoteza giza katika jiji ambalo watu wanalilalamikia kila wiki. Swali zuri. Asome hadi mwisho.

Docteur Kavira alizaliwa Butembo na kufika Lubumbashi akiwa mtoto, juu ya lori la baba yake, katikati ya magunia ya maharagwe. Mzee wake alikuwa mfanyabiashara wa jumla, na nyumba yao ya Bel-Air ilikuwa nusu makao, nusu depo. Mzee alitaka binti yake ashike depo. Binti akaenda kusoma udaktari. Inasemekana baba alinuna muda mrefu, mwisho akamwambia: "Sawa, mwanangu. Lakini usitibu bantu sawa vile unapanga magunia, utatumaliza bote."

Alipopata diploma alifanya kazi kwanza Kipushi, katika zahanati ndogo ya wachimbaji na wafanyabiashara wa mpakani. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo baadaye tulilisikia hadi tukalichoka: "Mugonjwa hawezi kukungojea ufungue syllabus." Alikuwa daktari kijana, kichwa kimejaa Kifaransa kizuri, na mbele yake anakaa mama anayetaka kujua kwa maneno ya nyumbani kwa nini miguu ya mumewe inavimba. Anakiri kwamba siku za mwanzo alijibu kwa Kifaransa, na mama yule akamshukuru kwa heshima, akaenda kumwuliza muuza dawa wa barabarani.

Mwaka 1991 aliajiriwa kwetu. Wanafunzi aliowakuta walisoma kama wanafunzi wa udaktari wanavyosoma kila mahali wakiachwa peke yao. Walisoma syllabus, yaani kitabu cha masomo cha mwalimu, mara sita, kwa sauti, wakitembea uani. Wakati wa blocus, yale majuma ya kujifungia na vitabu kabla ya mitihani, walitia miguu katika beseni la maji baridi ili usingizi usiwachukue. Docteur Kavira alikuta beseni kama hilo chini ya meza mbili za kwanza alizotembelea. Alisimama, akatazama, akauliza: "Miguu iko mu maji. Na kichwa iko wapi?" Akabeba beseni moja, la bluu, akaondoka nalo. Mwenye beseni hakuthubutu kulidai. Likumbukeni beseni hilo, litarudi.

Sasa giza. Ukumbi wetu wa chini hauna dirisha. Miaka ile hatukuwa na groupe, yaani jenereta, na umeme ulipokatika mchana, somo lilikufa. Siku moja ulikatika Docteur Kavira akiwa katikati ya somo la moyo. Badala ya kuwatoa watu nje aliwaambia wakae, kila mtu amgeukie jirani yake, amweleze kile walichokuwa wamekwisha kusoma. Bila karatasi, kwa kuwa karatasi haikuonekana. Na kwa Kiswahili, kwa kuwa alikuwa amemkumbuka yule mama wa Kipushi. Kila mtu alitoa sentensi moja. Watu waliokuwa wamesoma mara sita hawakuwa na sentensi ya pili.

Ndipo alipoelewa, na tunaandika kama alivyotueleza, kwamba kusoma tena ukurasa unaoujua kwa macho ni starehe tu. Macho yanautambua, moyo unatulia, kichwa hakijabeba kitu. Kinachobeba ni kule kuhangaika kukitoa kichwani kitu ambacho hakiko mbele yako, kukikosa, kisha kukitafuta. Wiki iliyofuata umeme ulikuwepo, na saa nane kamili alitembea hadi mlangoni akaizima taa mwenyewe.

Malalamiko yalifika ofisini kabla ya taa kuwaka tena. "Docteur, courant iko! Juu ya nini unaifunga?" Alijibu kwamba anaifunga juu courant iko, kwa sababu ikikosekana haitakuwa somo, itakuwa bahati mbaya. Kuanzia hapo sheria zikawa chache. Nusu saa kila siku ya kazi. Jirani tofauti kila siku. Kifaransa hakiruhusiwi isipokuwa kwa kitu ambacho hakina jina kwetu: "Sema na Kiswahili. Nkambo yako haikusoma auditoire." Yaani eleza kama unayemweleza bibi yako wa nyumbani. Swali la leo linarudi kesho kutwa, kisha baada ya wiki, kisha usipolitazamia kabisa. Wengi wetu tumekamatwa kwenye malewa, vibanda vya chakula vya barabarani, tonge la bukari mkononi, mboga ya sombe bado haijafika mdomoni, tukiulizwa insulini inatoka wapi. Simu zilipoingia mjini na mwanga wake, beseni la bluu likarudi kazini: kila simu ilizimwa na kuwekwa humo mlangoni. Na baada ya giza, sheria ya mwisho: fungua syllabus, tafuta kile ulichokosa tu, kisha jioni nenda ukalale. Aliyekutwa anajivunia kutolala alipelekwa nyumbani kama mgonjwa.

Sisi wa laboratoire tunapenda hesabu, basi hesabu hizi hapa. Mwaka kabla ya giza, kati ya wanafunzi mia moja wa mwaka wa pili, thelathini na wanane walipita fisiolojia katika session ya kwanza ya mitihani. Miaka mitatu baadaye walikuwa sitini na wanne. Hatusemi ni giza peke yake; katikati hapo tulipata pia syllabus mpya na darubini zinazoonyesha kitu. Toeni kumi kwa ajili ya syllabus, toeni watano kwa ajili ya darubini. Wanabaki kumi na mmoja kwa kila mia, kila mwaka. Atakayetuonyesha kitu kingine katika jengo hili kilicholeta kumi na mmoja, sisi tutakipigia makofi.

Mmoja wa wale waliookolewa na giza leo ni mtu mkubwa, naye hatatukasirikia tukimtaja. Docteur Casimir Ngandu, secrétaire académique wetu, alikuwa mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri kuliko wote na alama mbaya kuliko mwandiko wake. Somo la figo lilikuwa limemshinda mara mbili. Siku moja gizani, amechoka, alimwambia jirani yake: "Sikia, mon cher. Figo iko barrière. Camion ya damu inafika, banasimamisha, banashusha karibu bintu byote chini: maji, chumvi, sukari. Kisha banaangalia. Kile mwili iko nahitaji, banapakia tena. Kile kinabakia chini, njo mukojo." Kutoka mlangoni ikasikika sauti ya Docteur Kavira, binti wa mwenye lori, akicheka hadi kukosa pumzi. Barrière ya Casimir, kama kile kizuizi cha barabarani cha kukagua malori, imefundishwa hapa tangu siku ile, na hakuna kundi lililoisahau.

Kuna pia siku ya groupe. Institut iliponunua jenereta, ilialika wageni, na mgeni wa heshima alikuwa Papa Ézéchiel, mfanyabiashara mnene wa mafuta kutoka Kivu. Wageni walishushwa ukumbi wa chini waone taa. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa ametoka tu kusema kwamba tangu leo giza limekwisha katika nyumba hii, ikatimia saa nane. Swichi ikalia. Hakuna aliyekuwa amemwambia Docteur Kavira abadilishe ratiba, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kumwuliza. Wageni wakabaki wamesimama kwenye weusi, wakisikiliza wanafunzi tisini waliokuwa benchini wakielezana mishipa ya damu. Papa Ézéchiel alipapasa, akapata benchi, akaketi. Mwanafunzi wa pembeni, akidhani amepata jirani mpya, akamweleza presha: inavyopanda, inavyokaa kimya, inavyovunja ghafla. Taa zilipowaka, Papa Ézéchiel alikuwa ameshika mkono wa kijana yule. "Mutoto, ile kintu unasema, iko kwangu." Alipimwa ghorofani kabla ya vinywaji. Bado anakunywa vidonge vyake, na mafuta ya groupe hayajawahi kutuishia.

Lakini anayetuhusu zaidi leo ni Assistante Dorcelle Chola. Alikuja kwetu akitokea upande wa Luano, akarudia mwaka wa pili, akabakiwa na nafasi moja. Syllabus yake ilipakwa rangi kurasa zote, njano, kijani na pinki, mpaka wenzake wakawa wanauliza atashona lini hicho kitenge. Siku yake ya kwanza gizani alisema, "Moyo iko pompe," akairudia hiyohiyo nusu saa nzima. Docteur Kavira, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake, alimwambia, "Njo mwanzo. Kesho utaniletea ya pili." Kesho alileta ya pili. Kabla ya mitihani aliweza kuizungusha damu kutoka moyo hadi kidole cha mguu na kuirudisha bila kuimwaga. Alipita. Sasa ni daktari, ni assistante, na kwa miaka minne amekuwa akishika giza kila mara Docteur Kavira anapokuwa safarini. Wanafunzi wanasema ni mkali kuliko mwenyewe. Tunaamini hiyo ni sifa.

Tuseme haki. Taa mpya hazikuwekwa kwa ubaya. Mwezi wa nne mwanafunzi mmoja alijikwaa kwenye ngazi za ukumbi, akateguka kifundo, na uongozi ukachukua hatua upesi, jambo ambalo tungependa kuliona mara nyingi zaidi. Ila ngazi ziko nje ya mlango na swichi ilikuwa ndani. Taa ya ngazi ingetosha. Badala yake ukumbi mzima sasa unawaka mtu akikohoa. Tulijaribu kufumba macho. Kila mmoja alifumba moja. Tulijaribu kufunika karatasi. Upepo wa feni ulizifunua, na shingo za watu zikasaidia. Katika interro, jaribio la darasani, ya mwisho wa Mei wastani ulikuwa tisa juu ya ishirini. Kabla ya hapo ulikuwa kumi na mbili. Wanafunzi ni walewale, mwalimu ni yuleyule, chumba ni kilekile. Fanyeni hesabu wenyewe.

Tarehe 5 Mei Assistante Dorcelle alimwomba secrétaire académique kwa maandishi ruhusa ya kuendeleza nusu saa hiyo baada ya Docteur Kavira kuondoka, na swichi irudishwe. Aliambiwa ombi liko linasomwa. Mwezi wa tano ulikwisha, bado linasomwa. Pengine linasomwa mara sita, kwa sauti, na miguu katika maji.

Docteur Kavira mwenyewe hakutaka tuliguse jambo hili siku yake. Alisema tuandike kuhusu nyanya zake, ambazo kweli ni nzuri, na kuhusu wajukuu watatu wanaomsubiri, ambao tayari wanajua insulini inatoka wapi. Tumeandika. Sasa atapata mchana wa kukaa kwenye kivuli cha nyumba yake ya Bel-Air bila saa nane kumwita. Mama, tunakushukuru kwa kila sentensi ya pili uliyotungoja kuitoa. Nyanya zizae, magoti yakuache kwa amani, na giza la kwako liwe la kulala tu. Ulitufundisha kubeba kichwani, nasi tumekubeba humo. Maisha mema, Mama Kavira.

Na kwako, Docteur Casimir, kwa heshima yote na kwa sababu ulikuwa jirani yetu gizani. Blocus inaanza Jumatatu tarehe 7 Julai, na wanafunzi wa mwaka wa pili watashuka ukumbini saa nane kama kawaida. Docteur Kavira amekubali kuja siku hiyo kama mgeni, na kukaa benchi la nyuma. Beseni la bluu limekwisha kuoshwa. Fundi yupo, ni mmoja wetu, na swichi ya zamani iko kwenye droo ya laboratoire, nzima. Ombi la Dorcelle limefika kwenye barrière, na kila kitu kimekwisha kushushwa chini. Wewe ndiye uliyetufundisha kinachofuata. Je, swichi na nusu saa unazipakia tena, au unaziacha chini? Tunaomba ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa tarehe 4 Julai, saa sita mchana.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa laboratoire ya fisiolojia,
Ariel Ntumba