Mnada wa Jiko la Sabra

Gogo la mkorosho limelala pale Likombe, kwenye kona ambapo njia ya vumbi inachungulia lami, tangu lilipoangushwa na upepo ambao kila mtu anadai aliuona ukija. Ofisi ya mtaa iliwahi kuleta notisi kwamba liondolewe kwa kuwa linazuia maendeleo. Wenye gogo waliisoma notisi kwa sauti, wakausifu mhuri wake, wakaibandika kwenye gogo lenyewe, na mvua ya kwanza ikaifuta kesi. Hapo ndipo Bi Zawadi hutua birika lake la kahawa na sinia la kashata kila asubuhi, na wateja wake hawachelewi, ingawa kwingineko kote wanachelewa. Yuko Mohamedi, mkulima wa korosho, maarufu kama Mnada, kwa sababu hajawahi kukosa mnada hata msimu ambao hana kilo ya kuuza. Yuko Isaya, mtu wa Njombe aliyeletwa Mtwara na ukarani wa halmashauri, akastaafu, akabaki. Wanamwita Kifungu, maana hata salamu huiitikia kwa kutaja sheria inayoiruhusu. Yuko Shafii, Injinia, aliyewahi kulinda geti la kampuni ya gesi na mpaka leo hajaivua kofia ngumu. Na asubuhi hiyo alikuwepo Zuberi, ambaye hakuwa na jina la utani, ila alikuwa na shida.

Shida yenyewe ilikuwa jiko. Masika iliyopita mkewe, Sabra, alipikia chini ya mwamvuli, mkono mmoja mwiko, mkono mwingine mwamvuli, moshi ukimkaba na bati lililotoboka likimtemea maji mgongoni. Mwaka huu, kabla ya kwenda kwa mama yake huko Nanyamba kuokota korosho, alinunua matofali, mabati na saruji kwa pesa za mikorosho yake mwenyewe, akamwachia mume pesa ya fundi kwenye simu, na maneno machache: “Nikirudi nikakuta jiko hili hili, nitageuka na usafiri ule ule ulionileta.” Zuberi alimjua mkewe. Lakini kulikuwa na jambo lingine lililomnyima usingizi, na hilo hakumwambia mtu. Tangu waoane, hajawahi kutumwa na Sabra akarudisha chenji. Safari hii alitaka jiko lisimame na chenji ibaki. Ndiyo maana alikwenda kuomba ushauri kwenye gogo.

– Kwanza, njomba, usinunue mchanga, alisema Shafii, akiisukuma kofia nyuma. Teremka pwani, chota bure.

– Mchanga wa pwani una chumvi, alisema Zuberi. Ukuta utatoa jasho.

– Utoe! Si jiko? Mkeo akipika mboga anaigusisha ukutani, imekolea. Chumvi dukani umeshaacha kununua.

– Kuchota mchanga ufukweni kunahitaji kibali, alisema Isaya. Na kujenga jiko kunahitaji kibali. Na mchoro. Na mchoro uliogongwa mhuri na mtu ambaye yuko semina Dodoma.

– Atarudi lini?

– Nilistaafu yuko huko. Sasa sikiliza, Zuberi. Kifungu kinasema ujenzi. Hakisemi kujenga ndani. Acha kibanda chako cha zamani kilivyo, kibovu hivyo hivyo. Wewe jenga jiko jipya humo ndani, kimyakimya. Likikauka, unalivua lile la nje kama mtu anavyovua kanzu. Afisa akipita akiuliza umejenga lini, mwambie sijajenga, nimebomoa tu. Kubomoa hakuna ada.

Gogo zima lilimtazama Isaya kwa heshima. Hata Bi Zawadi alisita na birika hewani.

– Na ndani ya jiko utapikia nini? Shafii hakukubali kushindwa. Kuni? Mkaa? Na bei za mkaa hizi? Gesi hii inatoka wapi, Zuberi?

– Si huko Mnazi Bay.

– Na inakwenda wapi?

– Dar es Salaam.

– Inapita hewani? Iko chini! Nimelinda lile geti, najua ninachosema. Wewe usipige sakafu. Chimba katikati ya jiko, chimba tu usikate tamaa. Ukisikia sss, simama, weka sufuria.

– Na nikisikia kitu kingine?

– Ukisikia maji, umepata kisima. Hakuna hasara hapo.

Zuberi alikunywa kahawa. Alijua haya hayajengi jiko. Alijua vilevile kwamba Sabra anarudi keshokutwa, na matofali bado yamekaa uani kwa mpangilio ule ule aliouacha.

– Ninyi mnazunguka, alisema Mohamedi, ambaye muda wote alikuwa anasubiri wengine wachoke. Vifaa mtu anavyo. Kinachokula pesa ni fundi. Na fundi ukimfuata peke yako umekwisha. Anakutazama viatu, ndipo anataja bei. Sisi wakulima tulionewa hivyo hivyo na walanguzi mpaka tulipokaa pamoja. Dawa ni mnada.

– Mnada wa jiko?

– Wa jiko. Mafundi wataje bei hadharani, wenye mali tusikie, tukubali au tukatae. Lete simu. Weka sauti ya wote.

Ikaonekana ni akili. Ilikuwa akili, kwa kweli, na Zuberi baadaye alishikilia hivyo hivyo: mwanzoni ilikuwa akili.

Wa kwanza kupigiwa alikuwa Amiri, fundi wa pale pale Likombe, aliyejenga nusu ya majiko ya mtaa na hakuna lililowahi kurudi chini.

– Amiri, uko mnadani, alisema Mohamedi kwa sauti yake ya mikutano ya chama cha msingi cha wakulima. Jiko la Zuberi, vifaa vyake, kazi yako. Taja bei.

– Kwa kaka Zuberi? Laki tatu. Naanza kesho.

– Laki tatu? alisema Mohamedi, akageukia gogo. Wakulima, mmesikia. Laki tatu!

Na hapo likatokea lile ambalo Zuberi hakuweza kulieleza hata siku nyingine. Yeye ni mtoto wa mnadani. Alibebwa mgongoni kwenye minada kabla hajajua kutembea, na kila msimu wa maisha yake amesimama kwenye uwanja wa ghala akisubiri bei ya kwanza ili aizomee. Koo lake lilifunguka kabla ya akili.

– Ndogo hiyo! alipiga kelele. Hatuuzi!

– Hatuuzi! liliitikia gogo. Hatuuzi! Irudi hiyo!

– Hamuuzi nini? iliuliza simu.

– Hatuuzi!

– Kaka Zuberi, alisema Amiri, nimekutajia bei ya undugu. Kama nimewatukana, basi.

Simu ikakatika.

– Kakimbia, alisema Mohamedi, akisugua viganja. Wa kwanza ndivyo walivyo, wanakuja kukuonja. Piga mwingine.

Wa pili, fundi wa Mikindani, alitaja laki tano.

– Inapanda! alisema Shafii.

– Inapanda, lakini bado, alisema Isaya, mtu wa Njombe asiye na hata mche wa mkorosho, ambaye alikwishasahau kwamba pale alikuja kunywa kahawa tu. Tusiwe na pupa. Msimamo!

Wa tatu alikuwa mkandarasi wa mjini, mwenye ofisi na katibu muhtasi. Walisubirishwa huku muziki ukipigwa simuni, na muziki huo peke yake uliwapa matumaini. Kisha mkandarasi mwenyewe akashika simu, akasema laki tisa, nusu itangulizwe leo.

Halafu Mohamedi akasimama na kuanza kupiga makofi, taratibu, kama watu wanaopokea mgeni rasmi. Isaya akasimama. Shafii akavua kofia.

– Tatu mpaka tisa! Zuberi, njomba, bei hii Likombe haijawahi kutokea!

– Kahawa, Bi Zawadi! Zungusha wote!

– Msimu wako huu! Wakulima wenzako Tandahimba wakisikia watalia!

Zuberi alipewa mikono. Alijisikia mrefu. Ni kweli kwamba alikuwa kama mtu aliyefika sokoni akahisi hakufunga mlango, lakini makofi yalikuwa mengi na kashata ilikuwa tamu. Akafungua simu kutuma hiyo nusu. Alishaandika kiasi, alishaandika namba ya mkandarasi, na kidole kilikuwa kwenye namba ya siri, pikipiki ilipokata kona na kusimama mbele ya gogo.

Nyuma ya dereva alikaa Sabra, na nyuma ya Sabra lilifungwa gunia la korosho.

– Hamjambo wa gogo, alisema. Korosho zimewahi kwisha. Nimepita nyumbani.

Hakuna aliyeuliza alichokiona nyumbani.

– Karibu, shemeji! alisema Mohamedi. Umekuja saa ya baraka. Tumemfanyia mumeo mnada.

– Mnada wa nini?

– Wa jiko lako! Amiri alikuja na laki tatu. Tukamkatalia.

– Tukamzomea, aliongeza Shafii.

– Wa Mikindani akaja na tano. Tukashikilia msimamo. Mkandarasi akaja na tisa, shemeji. Tisa! Hapo ndipo tukakubali.

Sabra alishuka. Dereva alitaka kuzima injini.

– Usizime kwanza, alimwambia, naye akaacha ingurume. Kisha akamgeukia mumewe, hakupandisha sauti, kama mtu anayetaka kujua tu.

– Baba Nuru, hapo ulikuwa unauza au unanunua?

Pikipiki ilinguruma. Zuberi alitazama kidole chake kilichokuwa bado juu ya namba ya siri. Isaya alifungua mdomo, akasema “Kwa mujibu wa,” akaufunga. Shafii aliivaa kofia, akaivua, akaiweka magotini. Mohamedi alinyoosha kikombe kwa Bi Zawadi, na Bi Zawadi akaliinamisha birika mpaka mwisho, likatoa tone moja.

– Imekwisha, alisema.

Zuberi alifuta kila alichoandika. Alimpigia Amiri huku mkewe anamtazama.

– Amiri, mdogo wangu. Ile bei ya asubuhi.

– Ile si mlisema ndogo? Nimefikiria, kaka. Watu wazima wanne hawawezi kukosea kwa pamoja. Nimeongeza. Sasa ni tano.

Sabra alinyoosha mkono, akapewa simu.

– Amiri, ni mimi, Sabra.

– Shikamoo, dada.

– Marahaba. Kwenye ile laki tatu, saidia fundi walikuwa wangapi?

– Wawili. Mmoja mchanga na maji, mmoja karai.

– Usije nao. Mimi nina wanne, wazima, wamekaa hapa kwenye gogo na kahawa yao imekwisha. Ukiondoa posho za wale wawili tunafika wapi?

Amiri alicheka mpaka kila mtu akasikia.

– Dada, kwa kuwaona hao wamebeba karai, laki mbili na nusu.

– Njoo kesho.

Akarudisha simu. Akawatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyekumbuka kuwa na shughuli nyingine. Ndipo akamwambia dereva:

– Zima. Shusha gunia.

Kesho yake gogo lilikuwa tupu. Wapita njia waliulizana nani amefariki. Bi Zawadi, ambaye biashara yake hufuata miguu ya wateja, alihamisha birika mpaka uani kwa Sabra, akauza kahawa kwa watu waliokuwa weupe kwa saruji kuanzia nyusi mpaka ndala. Zuberi alikoroga. Mfukoni mwa shati aliisikia chenji, aliyokwisha kuitoa kwenye simu, ikimgusa kifua kila alipoinama, na mara mbili alimwona Sabra akiutazama ule mfuko, akitabasamu.

Ukuta ulipofika usawa wa bega, Isaya alikuja na karai kichwani, anatembea polepole na kwa heshima zote za kustaafu. Amiri, aliyekuwa juu ya jukwaa la mbao, aliinama kulipokea. Akachungulia ndani. Halikujaa hata nusu.

– Ndogo hiyo! alipaza sauti uani kote. Hatuuzi!

– Hatuuzi! aliitikia Sabra kutoka kwenye kibanda cha zamani, mwiko mkononi.

Kifungu alilitazama karai, akatafuta kifungu, akakikosa, akarudi kujaza.