Salamu Zilizojaza Simu ya Ofisi

Ndani ya garimoshi, fundi cherehani mstaafu alikaa nyuma ya watu wawili waliokuwa wakibishana kuhusu simu ya ofisi ya maji.

"Nimeshaiunganisha na barua pepe yako, dada," alisema mwanamume, fundi wa simu. "Mtu akiacha ujumbe wa sauti, unaletewa taarifa papo hapo."

"Taarifa naziona," alijibu mwenzake, karani wa ofisi hiyo. "Kuusikiliza ujumbe wenyewe ndiko kunakonishinda. Kuna mzee kila asubuhi anatujulia hali, sisi, watoto, mpaka bosi, muda wa kurekodi unakwisha. Shida yake hajawahi kuifikia."

"Si umpigie?"

"Nimwambie nini? Kwamba watoto hawajambo?"

Masikio ya fundi cherehani yakawaka moto. Mzee huyo alikuwa yeye, na bomba lililopasuka mlangoni kwake lilikuwa bado linamwaga maji. Kumbe adabu zake zote ziliishia kwenye mashine! Garimoshi lilipoanza kupunguza mwendo, akawainamia na, kwa mara ya kwanza maishani, akaruka utangulizi.

"Bomba la mtaa wetu limepasuka!"

Karani akageuka, akamtazama juu hadi chini. "Jamani, mzee wangu, hata salamu hakuna?"

Garimoshi likasimama, wale wawili wakashuka.